Mganga Hajigangi: Neno Juu ya Sonona ya Wanafunzi wa Utabibu

Wazee wetu walituachia mithali fupi isemayo, Mganga hajigangi. Wengi huitumia kwa kucheka, kama watumiavyo ile ya kinyozi asiyejinyoa. Walakini maana yake si ya mzaha. Yatufundisha ya kwamba mtu awaye yote, hata akiwa na elimu ya dawa zote, siku auguapo amhitaji mwenziwe. Mkono wake haufiki kila mahali penye jeraha, wala jicho lake haliwezi kujitazama lenyewe.

Mwezi huu twataka kuifikiri mithali hii kwa habari ya watu tuwapendao na kujivunia, yaani vijana wetu wanaojifunza utabibu. Swali letu ni hili: Mtu ajifunzaye kuponya wengine, moyo wake mwenyewe ukiugua, je, ni uungwana kunyamaza na kuvumilia mpaka masomo yaishe, au imempasa kumwambia mtu na kutafuta dawa? Swali hili si la wanafunzi peke yao. Matokeo ya mitihani yatokapo, na kijana wa usharika akachaguliwa kwenda kusoma udaktari, sisi sote hufurahi, hutoa sadaka ya shukrani, na tangu siku ile humwita “daktari wetu.” Basi jambo limpatalo huko aendako latuhusu sisi pia.

Kwanza na tuujue ugonjwa wenyewe. Siku hizi huitwa sonona. Si huzuni ile ya kawaida. Mtu akifiwa na mama yake, akalia na kukosa usingizi, hatusemi kuwa ni mgonjwa. Huzuni yake ina sababu, tena ina mwendo wake: huja kama mawimbi, hupungua siku hata siku, naye akitembelewa na rafiki hupata nafuu. Sonona ni nyingine. Yaweza kuja hata pasipo msiba. Hukaa moyoni karibu kila siku, kutwa nzima, kwa majuma mawili au zaidi, na kuviondolea vitu ladha yake. Aliyependa kuimba kwaya haoni tena utamu wa kuimba. Usingizi hukimbia, ama huzidi kupita kiasi. Chakula hakishuki. Mwili huchoka pasipo kazi. Husoma ukurasa mmoja mara nne asishike neno. Tena hujihukumu moyoni kuwa hafai kitu, kuwa ni mzigo kwa wazazi wake. Na wengine hufika mahali pa kuwaza kwamba heri wasingekuwapo duniani. Si lazima dalili zote zionekane kwa mtu mmoja, wala si lazima alie. Wengi hucheka mbele za watu na kwenda darasani kama kawaida. Ndiyo sababu ugonjwa huu waweza kukaa nyumbani mwa watu wasiujue.

Je, huwapata wanafunzi wa utabibu mara nyingi? Mwaka 2016 mabingwa wa Marekani walikusanya pamoja chunguzi nyingi zilizofanywa katika nchi 43, zenye habari za wanafunzi wa utabibu zaidi ya 120,000. Waliona kwamba katika kila wanafunzi 100, kama 27 walikuwa na sonona au dalili zake. Na katika chunguzi zilizouliza habari ya kujiua, kama 11 katika 100 walikuwa wamewaza jambo hilo. Yatupasa kuongeza ya kwamba nyingi za hesabu hizi zilipatikana kwa karatasi za maswali, si kwa daktari kumpima kila mmoja. Kwa hiyo si wote wenye dalili walio wagonjwa hasa. Lakini neno litushangazalo zaidi ni lingine. Katika wale walioonekana na dalili, ni kama 16 tu katika 100 waliotafuta matibabu.

Fikirini, ndugu. Hawa ni watu walalao karibu na hospitali, washikao vitabu vyenye jina la ugonjwa huo na dawa yake, ambao walimu wao ndio mabingwa wenyewe. Mtu wa kijijini aweza kusema, Sikujua. Au, Hospitali iko mbali. Wao hawana udhuru huo. Kiwapungukiacho si elimu.

Wako wasemao: Labda wachaguliwao ni watu dhaifu wa moyo. Hasha. Mwaka 2014 ilichapwa habari ya wanafunzi wa Marekani waliopimwa walipokuwa wakianza tu masomo ya utabibu, nao walionekana kuwa na afya ya moyo kuliko vijana wa umri wao waliomaliza vyuo vingine. Basi huingia wakiwa wazima, wakaugulia njiani. Na tuitazame njia yenyewe.

Hapa kwetu Tanzania masomo ya udaktari ni ya miaka mitano, na baada yake mwaka mmoja wa kazi chini ya wasimamizi. Ndivyo ilivyo Muhimbili huko Dar es Salaam, na Bugando huko Mwanza, na katika chuo cha Moshi kilichoanzishwa mwaka 1997 penye hospitali ya KCMC, ile iliyofunguliwa mwaka 1971, ambayo sharika zetu nyingi zaijua kwa ajili ya wagonjwa wao. Kijana atokaye shule ya kijiji, aliyekuwa wa kwanza tangu alipojua kusoma, hufika mahali ambapo kila mtu alikuwa wa kwanza kwao. Katika watu hao hapana budi mmoja awe wa mwisho. Naye asiyewahi kushindwa hajui jinsi kushindwa kunavyobebwa. Mapema husimama mbele ya maiti, akaambiwa ajifunze hapo mishipa na misuli. Na jioni ileile yampasa ale chakula na kulala. Miaka ikipita huingia wodini. Humhudumia mtoto mgonjwa siku kadhaa, akamzoea na kujua jina la doli lake. Asubuhi moja hukuta kitanda kitupu, na saa ileile mwalimu amngojea amwulize maswali mbele ya wenzake. Wengi hapana aliyewaonyesha mahali pa kuliweka jambo kama hilo.

Ongezeni usiku mwingi bila usingizi, na fedha zisizotosha, na hofu ya mtihani. Maana aangukaye mara kwa mara huondolewa chuoni, jambo ambalo wanafunzi wenyewe huliita “kudisko,” na huko nyumbani ng'ombe wamekwisha kuuzwa kwa ajili ya masomo yake. Mizigo hii yote humwelemea mtu mmoja mwenye umri wa miaka ishirini na kitu.

Wala mambo haya si kama majira ya mvua, yasiyobadilishwa na mwanadamu. Katika Chuo Kikuu cha Saint Louis, Marekani, wakuu wa shule ya utabibu walianza mwaka 2009 kuyageuza masomo yao. Walipunguza kama sehemu moja katika kumi ya saa za darasani. Waliacha kuwapanga wanafunzi kwa alama katika miaka ya kwanza, ikawa kufaulu au kutofaulu tu. Wakawaweka katika makundi madogo wapate kujuana na walimu wao. Mwaka 2014 walitoa habari ya kuwa dalili za sonona zilikuwa zimepungua kwa wanafunzi wale. Basi tusimwambie kijana kwamba kosa lote ni la moyo wake, ikiwa mzigo waweza kupunguzwa na wale waliompakia.

Sasa turudi kwenye swali letu: kwa nini wanaficha, na je, kuficha huko ni haki?

Sababu ya kwanza ni hofu ya kuhesabiwa kuwa hawafai. Mwaka 2010 ilichapwa habari ya wanafunzi wa utabibu wa Chuo Kikuu cha Michigan. Katika wale wenye dalili nzito, zaidi ya nusu walisema kwamba kuufunua ugonjwa wao ni hatari. Hofu hii si ya bure. Wako wakubwa wamwonao mgonjwa wa moyo kuwa mvivu, na wenzi wapelekao maneno huku na huku. Kwa hiyo hatusemi kwamba yampasa mtu kumwambia kila mtu. Lakini kutunza siri ni jambo moja, na kuficha ni jambo lingine. Mwenye kutunza siri humchagua mtu mmoja au wawili walio waaminifu, naye daktari amtibuye amefungwa na kazi yake asiitoe habari hiyo. Mwenye kuficha hamwambii hata mmoja. Siri ina mlango na ufunguo wake; maficho hayana mlango, na mtu aweza kufa ndani yake pasipo mwenziwe kujua. Wahenga waliona hayo waliposema kwamba mficha maradhi kilio humwumbua.

Sababu ya pili ni heshima ya uvumilivu. Twawafundisha watoto wetu kwamba mstahimilivu hula mbivu, na neno hilo ni kweli. Lakini uvumilivu wa kweli ni kubeba jambo lisilo na dawa, au jambo lenye faida kwa mwingine. Mama huvumilia uchungu wa kuzaa kwa ajili ya mtoto. Mtu mwenye kidonda mguuni, ambaye dawa i karibu naye, akikifunika kwa nguo safi na kusema kwamba anavumilia, hatumsifu. Twamwambia, Ndugu, utaupoteza mguu. Basi sonona ina dawa. Aifichaye havumilii kwa ajili ya mtu awaye yote. Hasara yampata yeye, na baadaye yawapata wengine.

Kwamba yawapata wengine si neno la kubuni. Mwaka 2008 ilichapwa habari ya madaktari vijana wa hospitali tatu za watoto huko Marekani. Wale waliokuwa na sonona walikosea katika mambo ya dawa kadiri ya mara sita kupita wenzao. Ulikuwa uchunguzi wa watu wachache, tena hatuwatolei hukumu. Mgonjwa hakosei kwa kutaka. Lakini twaona ya kuwa moyo wa tabibu si mali yake peke yake. Mtoto alalaye wodini ana haki ya kutibiwa na mtu aliyelala usingizi na mwenye akili iliyotulia.

Hapo ndipo tuonapo jibu la swali letu. Baada ya ile Vita Kuu ya Pili, chama cha madaktari wa mataifa yote kiliandika kiapo chake huko Geneva, mwaka 1948. Kwa miaka mingi kiapo hicho kilitaja wajibu wa tabibu kwa wagonjwa, na kwa walimu, na kwa wenzake. Cha nafsi yake hakikusema kitu. Mwaka 2017, walipokutana Chicago, walikitengeneza upya, wakatia ndani yake ahadi ya kwamba tabibu ataitunza afya yake mwenyewe, kusudi apate kuwahudumia wagonjwa vema. Angalieni jinsi walivyoliweka neno hilo. Hawakusema kwamba tabibu ajipende kuliko watu wake. Waliweka wajibu wa kujitunza ndani ya wajibu wa kutunza. Basi mwanafunzi aendaye kumwona daktari wa magonjwa ya akili haachi kazi yake. Anaifanya.

Sababu ya tatu yatuhusu sisi wa kanisani kwa namna ya pekee. Kijana asemapo kwamba moyo wake umekufa ganzi, huambiwa na baadhi yetu: Wewe huombi, imani yako ni haba. Neno hili ni jepesi kulitamka, nalo humwongezea mgonjwa hatia juu ya ugonjwa. Je, tumesahau habari za nabii Eliya? Alipokimbilia jangwani, akaketi chini ya mti na kuomba afe, hakuhubiriwa kwanza. Alipewa usingizi, na mkate, na maji, tena mara mbili, kwa sababu safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Na Martin Luther mwenyewe, ambaye kanisa letu lachukua jina lake, alikuwa mtu wa imani, naye alizijua siku za giza la moyo maisha yake yote. Mwaka 1530 alimwandikia kijana Hieronymus Weller, mwalimu wa mtoto wake, aliyesumbuliwa na huzuni nzito. Akamshauri aukimbie upweke, atafute watu, azungumze na kucheka nao. Maombi yana mahali pake, nasi twayashika. Lakini hatumwambii mwenye malaria aombe na kuacha dawa; kwa nini tumwambie hivyo mwenye sonona?

Labda mtasema, Dawa yenyewe ni ipi? Ziko njia mbili zilizo kubwa, nazo mara nyingi huenda pamoja. Ya kwanza ni mazungumzo na mtu aliyefundishwa, ambaye humsaidia mgonjwa kuyapima mawazo yake, ayaone yale ya uongo yasemayo kwamba hafai, na kurudi kidogo kidogo kwenye kazi na watu aliowaacha. Ya pili ni vidonge vitolewavyo na daktari. Hivyo havileti furaha siku ileile. Kwa kawaida huchukua majuma kadhaa kabla ya nguvu yake kuonekana, kwa hiyo mgonjwa asiviache siku ya tano akisema kwamba havifai, wala asiviache siku apatapo nafuu pasipo shauri la daktari. Pamoja na hayo, usingizi wa saa za kawaida, kutembeza mwili, na kujiepusha na pombe husaidia sana.

Lakini mabingwa ni wachache katika nchi zetu. Je, sisi tusio mabingwa tuna kazi? Tazameni Zimbabwe. Tangu mwaka 2006 daktari mmoja wa magonjwa ya akili, jina lake Dixon Chibanda, aliwafundisha bibi wazee wa Harare kukaa kwenye benchi karibu na zahanati na kuwasikiliza watu walioelemewa na mawazo. Bibi hawa hawakuwa wasomi wakubwa. Walifundishwa kuuliza, kusikiliza, kumsaidia mtu achague shida moja na kutafuta hatua ya kwanza. Na aliyezidiwa walimpeleka mbele. Matokeo yake yalipimwa, yakachapwa mwaka 2016: waliokaa kwenye benchi zile walipata nafuu kuliko wale waliopewa matunzo ya kawaida. Nasi hatuanzi pasipo urithi. Huko Lutindi, milimani Usambara, tangu mwaka 1905 watu wa misheni waliwapokea wagonjwa wa akili, wakawapa makao na kazi za mikono. Tukiweza kuwatunza waliougua sana, twashindwaje kumsikiliza mtoto wetu arudiye likizo?

Basi twawashauri wazazi, walimu wa sharika na wazee mambo haya machache.

Kwanza, kijana ajapo nyumbani, msimkusanyie wagonjwa wa kijiji mlangoni siku ya kwanza. Mwacheni alale. Mwulizeni, Hujambo moyoni? kabla ya kumwuliza alama zake.

Pili, akisema kwamba hapati usingizi, au kwamba masomo yamekuwa hayana maana tena, msimkatize kwa mifano ya watu walioteseka kuliko yeye. Kaeni naye kimya. Mtu hujifunua polepole.

Tatu, mkiogopa kwamba anawaza kufa, mwulizeni wazi. Wengi hudhani kwamba kuuliza humtia wazo hilo. Si kweli, maana mara nyingi humpunguzia mzigo. Akikubali kwamba anawaza hivyo, msimwache peke yake, bali mpelekeni hospitali siku ileile, na mtu amwaminiye afuatane naye.

Nne, lindeni siri yake. Jina lake lisitajwe katika maombi ya hadhara pasipo ruhusa yake, hata kwa nia njema.

Tano, ikiwa daktari amemshauri apumzike muhula au mwaka, mpokeeni pasipo manung'uniko. Masomo yaweza kungoja. Kijana aliyerudi nyumbani akiwa hai na kupona hajaitia aibu nyumba ya baba yake. Na kama akiona kwamba utabibu si kazi yake, bado ni mtoto wenu kama alivyokuwa kabla hajaitwa daktari.

Neno la mwisho twawaambia ninyi wanafunzi, ikiwa gazeti hili litawafikia huko vyuoni. Mtu aliyekuja kwenu na homa, mngemkemea kwa kuwa amekuja? Mngesema kwamba ni mtu dhaifu? Mngempokea, mkampima, mkamtibu, mkafurahi kwamba hakukawia. Kipimo hicho mwapimacho wengine, jipimieni ninyi wenyewe. Mchagueni mmoja leo, awe mwalimu, rafiki, mchungaji au daktari, mkamwambie neno moja la kweli juu ya hali yenu. Siku moja nanyi mtakaa upande wa pili wa meza ile, na mgonjwa atakayewajia kwa haya atatambua upesi kama mwajua njia aliyoipitia.